Anioni radikali za aromatiki zenye florini: dalili unazoziona kwenye mashine na pa kutafuta chanzo

Mwongozo huu ni wa wale walioko maabara wanahangaika na anioni radikali (molekuli zilizopewa elektroni moja ya ziada) za heksaflorobenzini, pentaflorobenzonitrili, floronitrobenzini na jamaa zake, maana malalamiko ni yale yale yanajirudia: kilele cha kurudi kwenye grafu ya voltametri hakipo, ESR (kipimo kinachoona elektroni zisizo na mwenza kwa uga wa sumaku na mikrowevu) imenyooka kama hakuna kitu, floridi (ioni ya florini, F⁻) imetoka nyingi kupita hesabu. Na jambo moja naliweka mezani mapema kwa sababu naona linawaumiza wengi, hasa wanafunzi wa uzamili: mtu anaandika kwenye ripoti kwamba anioni yake ina maisha mafupi sana, kumbe imeuliwa na maji, au oksijeni, au uchafu wa elektrodi. Kabla hujasema imekufa yenyewe, thibitisha kwamba hujaiua wewe. Vipimo karibu vyote huku chini vinafanya kazi hiyo tu.

Kwanza ujue unatafuta nini

Pete ya benzini yenye florini ikipewa elektroni moja ya ziada, elektroni hiyo ina pa kukaa pawili: obiti (makao ya elektroni) za pi* za pete nzima, au obiti ya sigma* ya bondi ya C–F. Molekuli ikiwa na nitro au siano, elektroni inakaa kwenye pi*, pete inabaki bapa na anioni inaweza kudumu vizuri tu. Lakini ukijaza florini bila kundi la kusaidia, kama ilivyo heksaflorobenzini, hizo obiti zinakaribiana na kuchanganyika, pete inajikunja, florini zinatoka nje ya ule ubapa, na hapo ndo njia ya kuitupa floridi inapofunguka. Ikikatika inabaki radikali ya arili, ambayo haikai hata kidogo, inanyakua hidrojeni kwenye kiyeyushi au inapokea elektroni ya pili. Bondi ya C–F ni ngumu kuliko C–Cl au C–Br, ndo maana anioni ya 4-florobenzonitrili inaishi muda mrefu sana ukilinganisha na ya 4-klorobenzonitrili. Kwa hiyo ukiona yenye florini moja na siano imekufa papo hapo, shuku usafi kwanza.

Halafu chagua kifaa kulingana na umri. Zinazodumu sekunde na zaidi, ESR yenye elektrodi ndani ya sampuli inatosha. Milisekunde mpaka mikrosekunde, voltametri ya mzunguko (CV, yaani kupeleka volti mbele na kuirudisha huku ukipima mkondo) ya kasi kubwa. Chini ya hapo unahitaji radiolisisi ya mapigo (kuipiga sampuli kwa mapigo mafupi ya mionzi), au ESR inayosomwa kwa mwanga, ile iliyokuzwa kule Novosibirsk mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo inaona jozi za ioni zinazoishi makumi ya nanosekunde tu. Ukishindwa kote, gandisha kwenye 77 K, joto la nitrojeni ya kimiminika, uizuie isitembee.

Na kabla ya dalili yoyote fanya jaribio hili: 4-floronitrobenzini 1 mM (milimola moja kwa lita) ndani ya asetonitrili kavu, elektrolaiti (chumvi ya kupitisha umeme) tetrabutilamonia heksaflorofosfati 0.1 M, kuskani 0.1 V kwa sekunde. Inatakiwa iende na irudi vizuri. Anioni za nitrobenzini zinajulikana tangu Geske na Maki walipozitengeneza kwa umeme na kuzisoma kwa ESR mwaka 1960, si kitu cha kubishania. Hiyo isiporudi basi shida haiko kwenye molekuli yako mpya, iko kwenye kiyeyushi, gesi au elektrodi, na usipoteze sampuli ya thamani mpaka umeitengeneza.

Dalili: kilele cha kwenda kipo, cha kurudi hakipo

Hii ndo inayoulizwa kuliko zote.

Sababu ya kwanza kabisa ni maji. Piga hesabu hii: asetonitrili yenye maji 100 ppm kwa uzito ina maji kama 4.4 mM, na wewe umeweka sampuli 1 mM, yaani kwa kila anioni unayotengeneza kuna molekuli nne za maji zinazoisubiri. Maabara za Dar, Mombasa, Zanzibar na pwani yote hewa yenyewe imelowa, chupa ukiifungua mara mbili tatu bila gesi juu yake ile "kavu" iliyoandikwa kwenye lebo haina maana tena. Pima kwa Karl Fischer (kifaa cha kupima maji kidogo) kama ipo. Kama haipo, kausha kwa zeolaiti ya 3 Å iliyochomwa kwenye tanuru (si ile iliyokaa wazi kwenye kabati mwaka mzima), acha usiku, rudia skani. Kilele cha kurudi kikianza kujitokeza umeshapata jibu. Usisahau na elektrolaiti, chumvi hizi zinabeba maji, zikaushe kwenye ombwe na joto kabla.

Sababu ya pili, oksijeni. Skani mmumunyo mtupu usio na sampuli, ukiona kawimbi kadogo kanakoenda na kurudi karibu na −0.8 au −0.9 V dhidi ya SCE (elektrodi ya rejea ya kalomeli) hiyo ni oksijeni inageuka superoksidi. Ongeza dakika za argoni, badilisha mpira wa gesi (mpira wa silikoni unapitisha oksijeni, watu hawaamini mpaka waone), na wakati wa kuskani gesi ipite juu ya mmumunyo isibubujike ndani. Argoni ya mafundi wa kuchomelea inaweza kutumika ukiipitisha kwenye safu ya kukaushia na ya kunyonya oksijeni, bila hizo safu usiiamini.

Sababu ya tatu ndo kemia yenyewe, anioni inakatika. Hapa ongeza kasi ya kuskani. Muda unaoipa anioni ni takriban RT/Fv: kwa 0.1 V kwa sekunde ni kama sekunde 0.26, kwa 100 V ni milisekunde 0.26, kwa 1000 V ni mikrosekunde 26. Panda hatua kwa hatua 0.1, 1, 10, 100. Ukifika mahali kilele cha kurudi kinaanza kuonekana nusunusu, maisha ya anioni yako yako maeneo hayo hayo ya muda, ni makisio ya haraka lakini yanakusaidia kuchagua kifaa. Elektrodi ya kawaida ya milimita 3 haifiki mbali, zaidi ya 10 V kwa sekunde hamia kwenye elektrodi ndogo ya mikromita. Kupoza pia kunasaidia, −40 °C kwa asetonitrili bado ni kimiminika, na kilele kikirudi ukipoza halafu kikapotea ukipasha una ushahidi mzuri wa mmenyuko wenye kizuizi cha nishati.

Sasa kipimo ambacho wengi wanakiruka na ndicho ninachokipenda kuliko vyote: ongeza maji kwa makusudi. Weka 5 mM, kisha 10, kisha 20, na kila mara pima kasi ya kufa. Chora kasi dhidi ya maji. Mstari ukipanda moja kwa moja na ukiurudisha nyuma mpaka maji sifuri unaangukia karibu na sifuri, basi anioni yako haikuwa inakatika yenyewe, maji ndo yaliyokuwa yanaiua, ile namba uliyokuwa unataka kuichapisha ni ya unyevu wa chumba. Ukikata mhimili juu ya sifuri, hiyo namba ya pale ndo ya kukatika kwenyewe. Halafu badilisha mkusanyiko wa sampuli mara tano: maisha yakipungua kadiri sampuli inavyoongezeka, kuna anioni mbili zinaungana. Pentaflorobenzonitrili inajulikana kwa tabia hiyo, anioni zake zinaungana upande wa para na kutoa bifenili yenye florini nane na siano mbili, huku floridi ikitoka.

Ya mwisho, na ni ya nadra ila ipo: molekuli yako haipunguzwi (haipokei elektroni) kabisa ndani ya dirisha la kiyeyushi, yaani volti ambazo kiyeyushi chenyewe kinazistahimili. Florobenzini ya kawaida yenye florini moja inahitaji volti hasi mno, unachokiona ni kiyeyushi au kationi ya elektrolaiti inavunjika. Skani tupu inakuonyesha hilo dakika moja.

Dalili: vilele vimeachana mno, au vinahama kila siku

Kwa elektroni moja inayoenda na kurudi haraka, pengo ni kama 59 mV kwenye 25 °C. Ukiona 150, 200, usikimbilie kusema elektroni inahama polepole. Weka feroseni (kampaundi ya chuma inayoenda na kurudi vizuri, ndo kipimo cha kulinganisha) ndani ya mmumunyo huo huo mwishoni mwa kazi. Feroseni nayo ikiachana vile vile, ni ukinzani wa mmumunyo: elektrodi ya rejea iko mbali, elektrolaiti ni kidogo, au umeme wa fidia haujawekwa. Feroseni ikiwa nzuri na yako ikawa pana, hapo ndo unaweza kuzungumzia uhamaji wa polepole, na kwa heksaflorobenzini ni jambo la kutegemewa kwa sababu pete lazima ijikunje wakati inapokea elektroni. Vilele vinavyohama siku hadi siku ni waya wa fedha unaotumika kama rejea, hauna volti maalum, kwa hiyo ripoti kila kitu dhidi ya feroseni, basi.

Dalili: mkondo ni wa elektroni mbili, na nyuma yake kuna mawimbi mengine

Mara nyingi kabisa hili si kosa lako. Anioni imekatika, radikali ya arili iliyobaki inapokea elektroni kirahisi kuliko molekuli mama, inapokea na ya pili pale pale, halafu inachukua protoni. Unachopata ni molekuli ile ile ikiwa imepungukiwa florini moja na kuwekewa hidrojeni, na hiyo nayo inapunguzwa mbele kidogo kwenye volti hasi zaidi. Kwa heksaflorobenzini wimbi linalofuata linganisha na pentaflorobenzini halisi ya chupani, ongeza tone moja uone kama wimbi lile lile linakua. Likikua hapo hapo umelitambua, likizaliwa jipya pembeni si lenyewe.

Njia ya pili ni NMR ya florini (spektra inayosoma atomi za florini) baada ya kupitisha umeme wa kutosha. Hapa kuna mtego: kama elektrolaiti yako ni heksaflorofosfati, ioni hiyo ina florini sita na iko 0.1 M wakati bidhaa yako iko 1 mM, itajaza spektra yote, ile mistari miwili mikubwa karibu na −73 ppm ndo yenyewe wala si bidhaa mpya. Wengine wanahamia kwenye perklorati kukwepa hili. Perklorati ikikauka pamoja na vitu vya kikaboni inalipuka, kwa hiyo usiikaushe kwa kuichemsha ibaki unga, na mabaki ya seli usiyavukize. Kama hujawahi kuishika, mwite aliyewahi.

Dalili: ESR iko kimya

Hapa ndo penye utamu na ndo penye makosa mengi.

Angalia upana wa uga uliouskani kabla ya kitu kingine chochote. Mtu aliyezoea anioni za naftalini au nitrobenzini anaskani militesla (mT) chache, 5 au 10, maana spektra zile zinaenea hapo. Anioni ya heksaflorobenzini ina florini sita zinazolingana, na kila moja inagawanya mistari kwa takriban 13.7 mT. Florini-19 ina spini nusu na ndiyo isotopu pekee ya asili, kwa hiyo hakuna florini iliyo kimya. Mistari saba, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho ni 82 mT! Ukiskani 10 mT katikati unaweza kuona mstari mmoja mnene au usione kitu, halafu unaandika "hakuna radikali". Skani angalau 100 mT, na uwiano wa mistari utegemee kuwa 1:6:15:20:15:6:1, ile ya pembeni ni dhaifu mara ishirini kuliko ya kati kwa hiyo kusanya skani nyingi.

Na hata ukiiona usitegemee ikae kwa nafasi sawa. Mgawanyiko ukiwa mkubwa hivyo kwenye mashine ya kawaida ya bendi ya X (mikrowevu ya kama 9.5 GHz), uga ukiwa kama 340 mT, marekebisho ya daraja la pili yanaonekana kwa macho: a² gawanya kwa mara mbili ya uga ni kama 0.28 mT, na kwa mstari wa kati sehemu yenye spini jumla 3 inasogea mara 12 ya hiyo, yaani karibu 3.3 mT, ya spini 2 inasogea mara 6, ya spini 1 mara 2, ya spini 0 haisogei. Kwa hiyo ule "mstari mmoja" wa kati ni mistari minne kwa uwiano 1:5:9:5. Nimeona watu wanatupa spektra nzuri kabisa wakidhani imechafuka kwa sababu mistari haikukaa sawa, kumbe ule usio wa kawaida ndo ushahidi kwamba wameipata. Hiyo 13.7 mT yenyewe ndo inayokwambia pete imejikunja, anioni bapa ya pi haina sababu ya kuonyesha florini kubwa namna hiyo.

Upana ukiwa sawa na bado kimya, fuata mpangilio huu:

1. Kiyeyushi kinakula mikrowevu. Asetonitrili na DMF (dimetilformamidi) ni viyeyushi vyenye ncha za umeme (polar), ukitumia tyubu nene kaviti (chumba cha mikrowevu kinachoshika sampuli) haityuni. Tumia seli bapa au kapilari nyembamba, izungushe mpaka ikae vizuri.
2. Elektrodi haiko kwenye eneo la kaviti, anioni inatengenezwa juu na inakufa kabla haijashuka.
3. Nguvu ya mikrowevu ni kubwa mno, ishara imeshiba. Ishushe kwa nusu mara kadhaa, ishara ikipanda badala ya kushuka umepata.
4. Anioni kweli inaishi mfupi kuliko sekunde. ESR ya kawaida inahitaji akiba iliyotulia ndani ya kaviti, kama CV ilikuambia mikrosekunde, acha kupoteza siku, nenda kwenye baridi au kwenye mapigo.

Dalili: ESR ina ishara nzuri, lakini si ya kwako

Ishara nyembamba, kali, inayokaa masaa mawili bila kupungua, kwa molekuli ambayo CV inasema inakufa kwa milisekunde, jamani hiyo si yako. Mara nyingi ni mabaki ya kipunguzi. Waliotumia sodiamu au potasiamu na naftalini ndani ya THF (tetrahidrofurani) wanaona mistari 25 ya naftalini yenyewe, hidrojeni nne za 0.49 mT na nne za 0.18, na wanaifurahia. Wengine wanaona semikwinoni kutoka kwenye oksijeni iliyoingia. Kipimo ni rahisi: fanya kila kitu bila sampuli yenye florini, na kingine badilisha sampuli kwa isiyo na florini. Ishara isipobadilika haina florini ndani yake. Halafu jaribu kuiiga kwenye kompyuta kwa idadi kamili ya florini na hidrojeni, mgawanyiko usiohitaji florini hata moja ni wa kitu kingine.

Dalili: mistari imenenepa

Kama inanenepa ukiongeza sampuli, elektroni inarukaruka kati ya anioni na molekuli nyingine ambayo haijapokea. Punguza mkusanyiko mara kumi. Ruko la 10⁹ kwa M kwa sekunde kwenye 10 mM ni ruko milioni kumi kwa sekunde na linaongeza kama 0.06 mT kwa nusu ya mstari, kwa anioni yenye mistari ya karibukaribu inatosha kufuta kila kitu. Kama unene haujali mkusanyiko lakini unabadilika na joto, na mistari mingine inanenepa huku jirani zake ziko nyembamba, hiyo ni pete yenyewe inageuza mkunjo wake kutoka florini hizi kwenda zile. 1,2,3-triflorobenzini imechunguzwa kwa jambo hilo hilo kwa ESR ya mwanga. Hapo usirekebishe kitu, pima kwenye joto tofauti tofauti, umepata data.

Dalili: kwenye radiolisisi ya mapigo elektroni inapotea hata kabla hujaweka sampuli

Oksijeni tena. Maji yaliyokaa hewani yana oksijeni kama 0.25 mM, na elektroni ya majini inaivamia kwa 1.9 × 10¹⁰ kwa M kwa sekunde, zidisha utaona elektroni inaishi kama mikrosekunde 0.2 tu. Bubujisha argoni vizuri, weka butanoli ya tert ili imeze radikali za OH, na angalia tena 720 nm ambako elektroni ya majini inaonekana.

Ila kuna kosa la kinyume chake ambalo linauma zaidi. Heksaflorobenzini inachemka kwenye 80 °C, pentaflorobenzini na florobenzini kwenye 85, ni vitu vyepesi kuruka, na kwenye maji haviyeyuki sana. Ukiweka sampuli halafu ndo ububujishe nusu saa, argoni inaibeba yote inaondoka nayo, na wewe unaripoti kwamba elektroni "haijali" heksaflorobenzini wakati ukweli ni kwamba inaipokea haraka mno. Toa oksijeni kwanza, kisha ingiza sampuli kwa sindano kupitia kizibo cha raba, ujaze mpaka juu pasibaki nafasi ya hewa, na mkusanyiko uhakikishe kwa spektra ya UV baada ya kuingiza, si kwa kuamini ulichopima kwenye mizani.

Ukiwa ndani ya THF na huoni elektroni kabisa, angalia detekta yako kwanza, elektroni ya THF ina kilele karibu na 2100 nm na detekta ya silikoni inaishia kama 1100.

Kwa wenye ESR ya mwanga: mwanga ukizimika ukiongeza sampuli, punguza sampuli kabla hujalaumu mashine. Pale unategemea jozi ya ioni ikutane na kutoa fluoresensi kutoka kwa molekuli kama para-terfenili, sampuli ikizidi inazima hiyo fluoresensi au inaleta lile ruko la elektroni nililolisema juu.

Dalili: kioo cha 77 K (kiyeyushi kilichogandishwa kikawa kama kioo) kimepasuka, au ishara imefunikwa na kitu kingine

Metili-THF ikigandishwa taratibu au ikiwa na maji inatoa nyufa au fuwele nyeupe. Ikaushe, izamishe haraka kwenye nitrojeni ya kimiminika, tumia tyubu nyembamba. Ishara kali katikati baada ya kuipiga sampuli iliyoganda kwa mionzi ya gama, ambayo ndo inayoipa elektroni, mara nyingi ni ya kwatzi yenyewe, mionzi inaiharibu tyubu kama inavyoharibu sampuli. Piga mionzi upande mmoja, kisha hamisha sampuli ikiwa bado imeganda kwenda upande ambao haukupigwa, au choma ncha ya tyubu kwa moto huku sampuli ikiwa upande wa pili ndani ya nitrojeni.

Dalili: floridi imezidi hesabu

Elektrodi ya floridi ya lanthani ni nzuri sana kuhesabu florini ngapi zimetoka, ila inasoma floridi yote bila kujali imetoka wapi. Chanzo cha kwanza cha ziada ni maji ya kuoshea. Watu wa Arusha, Kilimanjaro na bonde la ufa kwa ujumla wanajua maji yao yana floridi, mahali pengine inapita mbali kikomo cha WHO cha 1.5 mg kwa lita, kwa hiyo kikombe kilichosuuzwa bombani kinakuja na floridi yake. Suuza kwa maji yaliyoondolewa ioni, na soma kontroli kila siku. Chanzo cha pili, sumaku ya kukorogea ya tefloni: sodiamu, potasiamu na anioni ya naftalini zinaila tefloni, zinaitoa floridi na kuiacha nyeusi. Ukiona sumaku imegeuka kahawia au nyeusi tupa namba za siku hiyo, tumia iliyofunikwa kwa kioo. Cha tatu, heksaflorofosfati iliyolowa inavunjika yenyewe polepole. Na usome ndani ya bafa ya pH 5 hadi 5.5, ikishuka sana floridi inajificha kama HF na elektrodi haiioni.

Hapa simama, mwite mwenye ujuzi

Kamwe usikaushe kiyeyushi chenye florini au klorini kwa sodiamu au potasiamu, inaweza kulipuka. Kipande cha potasiamu chenye ganda la njano usikikate, ganda hilo ni superoksidi na mafuta yake, linaweza kuwaka kwa kisu tu.

Ukipunguza kwa lithiamu nyingi na vitu vyenye florini nyingi unaweza kutengeneza pentaflorofenili-lithiamu bila kukusudia, ambayo inalipuka ikipashwa joto. Mmumunyo uliokuwa −78 °C ukianza kubadilika rangi na kupata joto wenyewe, usiushike, shusha kioo cha kabati la hewa, ondoka, mwite msimamizi.

Kugandisha na kuvuta ombwe kwa nitrojeni ya kimiminika: mtego usiachwe wazi hewani hata dakika chache. Oksijeni inachemka kwenye 90 K na argoni kwenye 87, nitrojeni kwenye 77, maana yake zote mbili zinageuka kimiminika humo ndani. Ukiona kimiminika cha samawati hafifu ndani ya mtego usiuondoe kwenye baridi kisha ukaufunga, uache wazi kwa ombwe au hewa, watu wote watoke, aitwe mtu wa usalama. Na tyubu iliyojazwa argoni usiifunge kwa moto ikiwa imezama kwenye nitrojeni, ikipata joto inapasuka.

Chanzo cha gama cha kobalti-60 si cha kujifunzia mwenyewe, mlango na kengele zake haziguswi na asiye na kibali, hata kama sampuli imekwama ndani na nitrojeni inaisha.

Floridi ikikutana na asidi kali inakuwa HF. Ikikugusa ngozi, hata kama haiumi bado, osha kwa maji mengi mara moja, paka jeli ya kalsiamu glukonati na uende hospitali ukiwaambia ni HF. Maabara isiyo na hiyo jeli kwenye sanduku la huduma ya kwanza isianze kazi hii mpaka inunuliwe.